Ng'ombe Waliponifuata

Likizo iliyopita mjukuu wangu alinisomea kitabu cha watoto. Ni habari za mtoto aliyetoroka kwao, akalala msituni, na asubuhi akaamka anaelewa lugha ya ndege na anaweza kupenya ukuta. Nilivumilia kurasa chache, kisha nikamkatiza. Nikamwuliza huyo mtoto amekula nini tangu atoroke. Akapekua kitabu, hakuona. Nikamwuliza nyayo zake zina hali gani. Hilo nalo halikuandikwa. Nikamwambia basi huyo hakutoroka, huyo ametembea tu.

Alinuna. Halafu akaniuliza, kwa ule ujeuri wa watoto wa siku hizi, kama mimi nimewahi kutoroka. Nikasema ndiyo. Na nguvu nilizipata? Nikasema nilizipata, zikakaa nami wiki mbili. Alicheka hata kitabu kikamdondoka. Kwa hiyo ninaandika. Kinachochekwa husahauliwa upesi, nami sina tena pumzi ya kurudia jambo moja mara kumi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili. Mama aliihesabu kwa mavuno, baba hakuihesabu kabisa. Tulikaa Nyambureti, tambarare ya mtama na vumbi. Mama hakuzaliwa pale. Alitoka ng'ambo ya mto Mara, milimani, upande wa Sirari, akaolewa akashuka. Maneno yote nitakayoyaandika hapa yalisemwa kwa Kikurya. Kiswahili nilikijua ukubwani.

Siku moja nilitoka kuteka maji nikakuta ng'ombe wageni zizini mwetu. Ng'ombe wageni huwajua mara moja, hukaa wamekusanyika wakitazama lango. Nikamwuliza kaka yangu ni wa nani. Akatabasamu.

"Ndio wewe hao," akasema.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Ng'ombe walioingia kwa ajili yangu ndio ambao wangetoka kwa ajili ya mke wake, na alikuwa amengoja sana. Mwanamume aliyewaleta alitoka upande wa Mugumu, umri wake na wa baba ni mmoja, tayari ana wake wawili. Nilimwona mara moja tu. Alikuwa na meno mazuri, na zuri lingine la kumsemea sina.

Mama hakusema neno. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko ng'ombe. Nilimtazama akipepeta mtama siku ile kama siku nyingine zote, nikaona moyoni kwamba na yeye yumo. Haikupita wiki akaanza kunishonea gauni. Sindano alikuwa ameijua karibuni, kwa mke wa mwalimu wa kanisa, na kitambaa kilikuwa mfuko mweupe wa unga wa ngano kutoka duka la Mhindi. Maandishi ya buluu yalibaki mgongoni. Mimi niliyezoea kipande cha shuka nilishonewa gauni zima! Nikajua ninapambwa niuzwe vizuri.

Pindo lake lilikuwa pana kama kiganja, na zito. Nilimwuliza mbona limeelemea chini.

"Upepo usikufunue. Wewe sasa ni msichana," akasema. Kisha akaongeza, "Na usilifue mpaka uambiwe. Litachuja rangi."

Lilikuwa gauni jeupe la mfuko. Halikuwa na rangi ya kuchuja. Nililiona hilo pale pale, nikazidi kumshuku.

Mwezi ule ule mama akaingiwa na maradhi ya kusimulia. Kila jioni jikoni ni habari za kwao: ukishavuka mto unapanda, unaacha mlima wenye vichwa viwili mkono wa kushoto, unauliza mji wenye mti mkubwa wa mnyaa langoni, hapo ndipo alipoolewa mdogo wake. Mara tatu, mara nne, kwa mpangilio ule ule. Nilidhani anazeeka. Nami nikawa naiweka njia ile kichwani kimya kimya, nikijisifu kwamba naiba kwa mwizi.

Wanawake wafinyanzi walikuwa wakienda mtoni kuvusha vyungu na kuvibadilisha kwa nafaka ya wimbi upande wa pili. Niliomba kwenda kuwasaidia kubeba. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa kutosha, sikuulizwa hata mmoja. Mama alisema "Nenda," akanifungia viazi vilivyochemshwa. Vilikuwa vingi mno kwa safari ya siku moja. Niliviona vingi, nikafurahi tu kwamba ana akili ndogo.

Tulivuka kwa mtumbwi. Viboko walikuwa karibu, na mwanamke aliyekaa mbele yangu alisali kwa Mungu wa kanisani, kisha kwa wa babu zake, asije akaachwa na wote. Ng'ambo niliwasaidia kutua vyungu, nikasema naenda kujisaidia, nikaenda moja kwa moja. Siku mbili nilitembea. Usiku wa kwanza nililala kwa mjane mmoja aliyenipalilisha kwanza ndipo akanipa ugali. Siku ya pili mguu wangu wa kulia ulipasuka kisiginoni, na viazi vikaisha. Kila mtu niliyekutana naye nilimwona ametumwa na baba. Hayo ndiyo yasiyomo katika kitabu cha mjukuu wangu.

Mnyaa niliuona kabla ya mji wenyewe. Mama mdogo alikuwa anaanika wimbi. Alinijua, nafanana na dada yake hata kwa kutembea, lakini hakunikumbatia. Nilisema shikamoo. Aliitikia, akanitazama mikono.

"Mama yako amekupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Kitu cha kunipa mimi."

"Alinipa viazi. Nimevila."

Alinivuta ndani. Akanipapasa kiunoni, kwenye uzi wa shanga, akapitisha vidole nyweleni, akakung'uta kitambaa kilichofunga viazi. Nilidhani anatafuta kama nimeiba. Hakupata kitu. Akasema "Basi," na lile basi lake lilinipoza mwili mzima. Tangu hapo alinipa chakula na mahali pa kulala, lakini hakuniita mwanangu.

Mumewe, baba mdogo, hakuficha lake. Alikuwa mtu mrefu aliyewahi kuchuma majani ya chai Kericho, na huko alijifunza kutomwamini yeyote.

"Mtoto anayekuja bila neno la mama yake," alimwambia mkewe mbele yangu, "ametoroka. Na mtoro hurudishwa. Mimi sitaki kesi na watu wa tambarare."

"Ngoja nijue," mama mdogo akasema.

"Ujue nini?"

Mama mdogo alirudi kuanika wimbi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza, na jicho la baba mdogo likiwa juu ya mpini.

Sasa nguvu zangu zilianza hivi. Kule milimani mvua haina adabu. Haingoji msimu, hunyesha asubuhi, ikapumzika, ikanyesha tena, na majani hukaa yamelowa hadi kiunoni. Gauni langu halikukauka hata siku moja. Siku ya tano au ya sita nilikuwa napita karibu na malisho na kuni kichwani, nikahisi kitu cha moto kinanikwangua mguuni. Nikageuka. Ni mtamba mweusi wa baba mdogo, amenyoosha ulimi, ananilamba gauni. Nikasonga, akasonga. Nikakimbia, akakimbia, na nyuma yake akaja mwingine, na nyuma yao dume lenyewe, lile ambalo hata baba mdogo alilisemesha kwa heshima.

Nilipofika mlangoni nilikuwa na ng'ombe saba nyuma yangu, wamejipanga.

Kesho yake nikajaribu. Nilizunguka kichuguu, wakazunguka. Nilivuka kijito, wakavuka. Nikasimama, nikainua mkono nilivyomwona mchungaji wa kanisa akifanya, nikasema "Simameni!" Wakasimama. Bila shaka walisimama kwa sababu nami nimesimama, wakapata nafasi ya kulamba. Lakini nani angeniambia hivyo? Mtoto aliyenyamaziwa na mama yake, akauzwa na baba yake, akapokewa kwa kupekuliwa, sasa anainua mkono na dume la watu linatii. Niliamini. Niliamini kwa moyo wangu wote, na sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Nilianza kutembea kwa maringo. Nilijiambia kwamba watu wa tambarare wakija kunichukua nitawaita ng'ombe wote wa milimani wawakanyage. Nilipanga hata dume litamwanza nani. Litamwanza kaka.

Mwaka ule ng'ombe walikuwa wanaibwa. Mpaka wa Kenya uko pale pale, mtu huvuka na kundi la mwenzake kabla moto wa asubuhi haujawashwa. Tena serikali ilikuwa imefunga ng'ombe kwa karantini kwa ajili ya ugonjwa, hawaruhusiwi kutoka hata kwenda bondeni walikozoea kulamba udongo wa chumvi. Kila mwanamume alilala na mkuki, na kila mgeni alitazamwa viatu, kama anavyo. Na ilisemwa kwamba wezi wa siku hizi hawaswagi ng'ombe. Wana dawa. Mtu mmoja aliyepakwa dawa hupita tu karibu na zizi, na ng'ombe wenyewe humfuata kimya hadi ng'ambo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi ndimi niliyekuja.

Sitaacha kuwashangaa watu wale. Wamezaliwa ndani ya zizi, wanajua ng'ombe anaumwa nini kwa kumtazama sikio, na walijua vizuri kwamba ng'ombe wao hawajalamba chumvi miezi miwili. Wakaona ng'ombe wanalamba gauni la mtoto. Hakuna hata mmoja aliyefikiri chumvi. Wote walifikiri wizi.

Baba mdogo aliniona siku ile ya kichuguu. Hakunipiga. Alinitazama muda mrefu, akaingia ndani, nikamsikia akimwambia mkewe, "Kikulacho ki nguoni mwako." Alimaanisha mimi na nyumba yake. Hakujua jinsi alivyokaribia.

Jioni ile ile alitoka na kengele ya ng'ombe, ile ya chuma ya dume la kuongoza, akanifunga kwenye kifundo cha mguu kwa ukanda wa ngozi. "Wewe toto, wacha niwe nakusikia," akasema. Nilikwenda shambani nikilia kengele, nikaenda kisimani nikilia kengele, na usiku nikijigeuza kitandani, yeye alikohoa upande wa pili wa ukuta kuniarifu kwamba amesikia. Watoto wa jirani walinifuata kwa mbali wakisema "mooo". Mama zao walivuta ndama ndani nikipita. Mzee mmoja wa mji wa pili, aliyekuwa ameibiwa ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja mwenye jicho bovu, alikuja kila siku kukaa langoni kwetu na ugoro wake, ananitazama tu. Siku moja aliniuliza taratibu, "Mwanangu, wangu walikwenda njia gani?" Nilimwambia sijui. Hakuniamini, na mimi kwa kuwa na kiburi nilicheka kidogo, jambo ambalo mpaka leo linanitia haya.

Mama mdogo peke yake hakusema mimi ni mwizi wala mchawi. Alikuwa na shaka lake la namna nyingine, na sikulielewa. Mara kwa mara alinijia ghafla na kuniuliza, "Siku ile unaondoka, mama alikugusa wapi?" Au, "Ulipitia kwa nani, aliyekufungua mizigo?" Nilimjibu kwa mkato. Nilijua anatafuta kosa la kunifukuzia.

Wiki ya tatu kaka yangu akaja.

Nilimwona akiingia langoni na fimbo na vumbi la safari. Alisalimia watu wote kwa heshima, mimi akanitazama mguuni. "Wamekufunga kengele," akasema. Sikujua kama anacheka au anasikitika. Alimwambia baba mdogo kwamba ametumwa na baba yetu. Mwenye ng'ombe ameanza kuuliza, na binti atarudi leo au kesho.

Baba mdogo angenitoa saa ile ile. Lakini mzee mwenye ugoro alikataa. Alisema mtoto huyu ana habari ya ng'ombe na hawezi kuondoka na habari hiyo. Lazima iritongo likae. Iritongo ni mkutano wa watu wote wa pale, na neno lake ndilo mwisho. Wakakubaliana asubuhi ya kesho nipitishwe mbele ya ng'ombe. Wakinifuata, mimi nina dawa ya wezi, nitarudishwa siku ile ile na kaka yangu akiwa na salamu za aibu. Wasiponifuata, watasikiliza kwanza kabla ya kuamua.

Mwenye akili angeomba ng'ombe wasimfuate. Mimi niliomba wanifuate. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu mdogo. Nilitaka waje wote, na dume mbele, kaka yangu aone.

Mchana ule mama mdogo akaniambia nivue gauni alifue. Hakutaka mtoto atoke nyumbani mwake kwenda kusimama mbele ya wazee akiwa na mate ya ng'ombe hadi mgongoni. Nilikataa. Nguvu zangu nilizijua ziko mwilini, sikuwa na wasiwasi na nguo, lakini nilikuwa nimechoka kuamriwa.

"Mama alisema lisifuliwe."

Mkono wake ukasimama hewani. "Alisema hivyo?"

"Mpaka niambiwe. Alisema litachuja rangi."

Alilitazama lile gauni jeupe. Alinitazama mimi. Akanivua mwenyewe, akanitupia shuka lake kuukuu, akashuka kijitoni peke yake, na aliponiona namfuata na kengele yangu akaniambia kwa ukali nirudi.

Alikaa huko mpaka jua likaanza kushuka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Gauni lilikuwa safi, jepesi, pindo limeshonwa tena kwa mishono mikubwa ya mtu asiyejua sindano. Nilimwuliza kwa nini amefumua pindo langu.  Alikwenda kukaa jikoni akanipa mgongo. Kutoka pale nilipolala nilimwona akifungafunga kitu katika jani la mgomba. Nilijua amenifanyia jambo. Nilijua kesho ananitoa. Kama si kengele ile, ningetoroka mara ya pili.

Asubuhi haikunyesha. Watu walikuwa wengi. Ng'ombe wa baba mdogo waliachiwa uwandani, nami nikaambiwa nipite mbele yao hadi kwenye jiwe na nirudi. Nilipita nimeinua kichwa. Kengele ililia mguuni. Nikafika kwenye jiwe, nikageuka nione jeshi langu.

Walikuwa wanakula majani. Mtamba mweusi peke yake ndiye aliyekuja. Nilimwita moyoni, njoo, njoo. Akaninusa gauni, akapiga chafya, akarudi kwa wenzake.

Niliinua mkono. Nilisema "Njooni!" kwa sauti. Mtu akacheka, wakacheka wengine. Nikaanza kulia palepale, mbele ya wazee, kilio kibaya cha kukoroma. Watu walidhani nalia kwa furaha ya kuonekana sina hatia. Mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimebaki mimi tu.

Mzee mwenye ugoro alisimama. Alikuwa ameangushwa na matumaini yake mwenyewe, sauti ilimtoka kwa uchovu. "Huyu si mwizi, wala si mchawi. Ni mtoto. Na mtoto aliyetoroka ana kwao. Mura, kijana wewe, mchukue dada yako."

Kaka akaokota fimbo yake.

Wanawake hawakusema katika iritongo bila kuulizwa. Mama mdogo alisimama bila kuulizwa, akapita katikati ya wanaume, akafungua jani la mgomba mbele ya yule mzee. Ndani palikuwa na vifuko vidogo vya kitambaa cheupe, vimeshonwa kwa mshono mdogo mzuri ambao niliujua. Vingi vilikuwa vitupu. Viwili vilikuwa vimejaa, vigumu kama mawe.

"Lamba," akamwambia.

Mzee akalamba. "Chumvi," akasema.

"Chumvi ya mama yetu," akasema mama mdogo. "Kwetu, mtoto akipelekwa kwa ndugu akakae, si akatembee, huwekewa chumvi. Mama yetu aliifunga fundo kwenye ncha ya vazi la ngozi la mtoto. Mtoto haambiwi, maana ataila au ataisema. Na anayempokea hasemi ni nini, maana mtoto mjanja ataiokota popote. Anaitafuta mwenyewe. Wiki tatu nimetafuta fundo. Nimempekua mtoto wa watu kama mwizi. Sikujua dada yangu amejifunza sindano."

Alinishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa bila kunipekua.

"Huyu hakutoroka. Ameletwa. Ni mwanangu. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Baba mdogo alichukua kifuko, akakilamba. Akawatazama ng'ombe wake. Akatazama gauni langu. Niliona kabisa jinsi lile jambo lilivyomwingia, polepole. Hakucheka, ingawa watu walianza kucheka. Alipiga goti kwenye majani, yule mtu mrefu, akahangaika na ukanda wa kengele mpaka ukafunguka.

Mzee akasema mtoro hurudishwa, lakini aliyeletwa harudishwi ila na aliyemleta. Wakaitikia. Basi, ikawa imekwisha, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Kaka yangu alikuwa bado amesimama na fimbo.  "Kwa hiyo mama alijua," akasema.

Kila mtu alielewa. Baba yetu alikuwa amepokea ng'ombe wa watu. Mke aliyemficha binti baada ya ng'ombe kuingia zizini hakuwa na mahali pa kusimama. Angepigwa, kisha angerudishwa kwao kama chungu kilichopasuka. Na kaka ndiye aliyekuwa anapoteza mke.

Mama mdogo hakumbembeleza. Alimnyooshea kile kifuko cha pili.

"Wewe umezaliwa na nani?" akamwuliza.

Alikitazama, hakukipokea. Akageuka akaondoka, wala hakuniaga. Mimi nilijua anakwenda kusema. Jioni mama mdogo alitia ile chumvi kwenye mboga, akanipakulia wa kwanza, akaniita mwanangu, nami nikawa namwona mama yangu tambarare kule akipepeta mtama, hajui kinachomjia.

Miaka minne nilimshuku kaka yangu. Miaka minne, kila mtu aliyepita kutoka ng'ambo nilimwuliza habari za nyumbani, na kila aliposema hawajambo nilidhani ananificha. Kisha siku moja mama mdogo alinituma mtoni kununua vyungu. Miongoni mwa wafinyanzi walioshuka mtumbwini alikuwemo mama.

Hakunitazama usoni kwanza. Aliinama, akashika pindo la gauni langu, gauni jingine kabisa, akalibonyeza kwa vidole kulizunguka lote.

"Alifumua mwenyewe?" akauliza.

Nilisema ndiyo. Nilimwuliza kama baba alimpiga. Alisema kwa lipi? Kaka yangu alirudi akasema iritongo limenizuia kwa ajili ya habari ya ng'ombe, kwamba watu wa milimani ni wakorofi hawasemezeki. Alisimama juu ya neno hilo hilo. Ng'ombe walirudishwa, na yeye akangoja mke miaka mitatu mingine, bila kumwambia baba wala kumlaumu mama. Ila mara moja tu, wakiwa wawili, alimwuliza kama na yeye angeshonewa pindo.

Nilimkasirikia mama palepale mtoni. Nilimwambia yote, kisigino, kengele, watoto na mooo yao. Kwa nini hakuniambia? Neno moja tu lingetosha.

"Ningekuambia," akasema, "ungetembea kama mtu aliyetumwa. Aliyetumwa hugeuka nyuma."

Wafinyanzi walikuwa wanamwita. Tulikuwa na muda wa kupanga vyungu tu.

Mjukuu wangu amekimaliza kitabu chake. Anasema mpaka mwisho hawakueleza yule mtoto nguvu zake alizipata wapi. Nimemwambia arudi kurasa za mwanzo kabisa, kabla hajatoroka, atazame nani alimshonea nguo.